MISIMBO YA BENKI MIKATABANI: Pesa hufuata nambari wala si jina

WATU wawili wanapokutana katika ofisi ya wakili kuuziana shamba, macho yao hukazia mambo matatu: bei, ukubwa wa ardhi na siku ya kukamilisha malipo. Hayo husomwa kwa sauti, hubishaniwa, na pengine hukatwa kwa kalamu na kuandikwa upya. Kisha wakili hufungua ukurasa wa mwisho. Hapo pameandikwa jina la benki, tawi, nambari ya akaunti, na kando yake tarakimu au herufi kadhaa ambazo hazisomeki kama neno la lugha yoyote. Hakuna anayeuliza swali. Sahihi hutiwa, mikono hupeanwa, chai huletwa.

Mistari hiyo michache ndiyo itakayoamua iwapo shilingi milioni nne za mnunuzi zitamfikia muuzaji, au zitaingia katika akaunti ya mtu ambaye hao wawili hawajapata kumtia machoni. Si ajabu kuona mkataba ambamo shamba limeelezwa kwa aya nzima, mipaka ikitajwa hadi mwamba wa mwisho kando ya mto, ilhali njia ya kulilipia imeachiwa ujumbe mfupi wa simu utakaotumwa baadaye.

Tarakimu na herufi hizo tutaziita misimbo elekezi, kwa kuwa kazi yake ni kuelekeza pesa ziende benki gani na katika tawi gani. Nambari ya akaunti humtambulisha mteja ndani ya benki. Msimbo elekezi huitambulisha benki yenyewe miongoni mwa benki nyingine zote. Ukikosea nambari ya akaunti, pesa huweza kufika benki sahihi na kumkosa mwenyewe. Ukikosea msimbo, huenda zikafika mji mwingine, au hata nchi nyingine.

Mfano ulio karibu nasi ni sanduku la posta. Karani wa posta huitia barua katika sanduku ambalo nambari yake imeandikwa juu ya bahasha. Hamjui mwenye jina, wala hana wakati wa kumtafuta. Jina lipo kwa ajili ya yule atakayelifungua sanduku.

Hapa Kenya msimbo huo una tarakimu tano. Mbili za kwanza ni za benki: 01 ni KCB, 11 ni Benki ya Ushirika, 68 ni Equity. Tatu zinazofuata ni za tawi. Mtu aliye na kitabu cha hundi anaweza kuziona sehemu ya chini ya kila karatasi, zikiwa zimechapishwa kwa maandishi ya ajabuajabu na wino wenye sumaku ili mashine izisome bila kusita. Hapo ndipo misimbo ya namna hii ilipozaliwa. Haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta wala intaneti. Ilibuniwa ili kupanga hundi.

Marekani ndiyo yenye historia ndefu zaidi ya jambo hili. Nambari yao ya uelekezaji, ambayo leo ina tarakimu tisa, ilianzishwa na Chama cha Mabenki cha Marekani mnamo 1910, enzi ambapo makarani walikuwa wakihangaika kupambanua benki chungu nzima zilizokuwa na majina yaliyokaribiana mno. Kwa kawaida tarakimu mbili za kwanza huonyesha mojawapo ya wilaya 12 za benki kuu ya nchi hiyo. 02, kwa mfano, ni wilaya ya New York. Tarakimu ya tisa haitambulishi chochote. Kazi yake ni ulinzi.

Ulinzi huo ni hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Chukua nambari 021000021, ambayo inajulikana hadharani kuwa ya benki ya JPMorgan Chase. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 3, ya pili kwa 7, ya tatu kwa 1, kisha uanze tena 3, 7, 1 hadi ufike mwisho. Sifuri hazileti kitu. Mbili ya kwanza inatoa 14, moja inayoifuata inatoa 1, mbili ya pili inatoa 14 tena, na moja ya mwisho inatoa 1. Jumla ni 30. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila kubakisha, nambari imeundwa sawasawa. Sasa tuseme karani amezipindua tarakimu mbili za mwisho akaandika 021000012. Jumla inakuwa 24, na mashine inaikataa papo hapo.

Nchi za Ulaya zina nambari ya kimataifa ya akaunti iitwayo IBAN, ambayo huunganisha nchi, benki na akaunti katika mfululizo mmoja. Ile ya Uholanzi ina herufi na tarakimu 18, ya Uingereza 22, na ndani ya hiyo ya Uingereza mmefichwa msimbo wa kale wa tarakimu sita ambao Waingereza hupangia hundi zao. Nayo ina tarakimu mbili za ukaguzi mara tu baada ya herufi za nchi. Kenya haitumii IBAN, na hili limewasumbua wauzaji wetu wa maua na mboga wanaopewa fomu na wanunuzi wa ng'ambo yenye nafasi ya IBAN inayotaka kujazwa. Baadhi huandika nambari ya akaunti hapo, wengine huandika msimbo wa tawi, na malipo hurudi yalikotoka. Jibu sahihi ni kumwarifu mnunuzi kwamba Kenya haina nambari hiyo, kisha kumpa nambari ya akaunti na msimbo wa SWIFT.

Ifahamike kwamba msimbo wetu wa tarakimu tano hauna tarakimu ya ukaguzi. Zote tano ni za utambulisho. Anayekosea moja anaweza kuangukia tawi jingine lililopo kweli, na mashine isione kasoro yoyote. Vivyo hivyo msimbo wa SWIFT hauna ulinzi wa hesabu ndani yake.

Huo wa SWIFT ndio unaovuka mipaka, kwa hivyo unastahili maelezo. SWIFT ni chama cha ushirika kilichoanzishwa nchini Ubelgiji mnamo 1973 na benki 239 kutoka mataifa 15. Wengi hudhani kwamba kinasafirisha pesa. Hakisafirishi hata senti moja. Husafirisha ujumbe tu, benki moja ikiiambia nyingine: mlipe fulani kiasi hiki, nasi tutahesabiana. Msimbo wake una herufi nane au kumi na moja. Tuuchambue ule wa KCB hapa nchini, KCBLKENX. Nne za kwanza ni za benki. Mbili zinazofuata, KE, ni za nchi. Mbili nyingine ni za mahali, na iwapo kutaongezwa tatu zaidi, hizo ni za tawi. Kwa benki yenye matawi katika nchi jirani, herufi mbili za nchi ndizo za kuangaliwa kwa makini kuliko zote. Panapostahili kuwa KE pakiandikwa UG, maagizo yatafuata njia ya Uganda.

Kwa kuwa pesa zenyewe hazisafiri, benki ya mlipaji na ya mlipwaji zisipokuwa na akaunti baina yao huhitaji benki ya tatu, na wakati mwingine ya nne, iliyo na akaunti na pande zote. Dola za Marekani zinazotumwa Nairobi kutoka Dubai, kwa mfano, kwa kawaida hupitia benki ya New York. Kila kituo cha njiani huweza kukata ada yake. Ndiyo maana mkataba wa mauzo ya nje hauna budi kutaja, mbali na benki ya muuzaji, ile benki ya katikati na msimbo wake, na pia mojawapo ya maneno matatu yenye herufi tatu tatu: OUR, SHA au BEN. La kwanza humaanisha mlipaji atabeba ada zote. La pili, kila upande ubebe zake. La tatu, zote zimwangukie mlipwaji.

Mkulima anayeuza maharagwe ya dola 10,000 na ambaye mkataba wake haukutaja neno lolote kati ya hayo huenda akapokea dola 9,950 na asijue amdai nani zile 50. Mnunuzi atasema alituma 10,000, na atakuwa anasema kweli. Benki itasema ilitoa kile ilichopokea, na hiyo pia itakuwa kweli. Kwa shehena moja hasara ni ndogo. Kwa shehena ya kila wiki mwaka mzima, hizo ni dola 2,600.

Tufike sasa penye kiini cha jambo hili.

Katika enzi za hundi, jina ndilo lililokuwa mfalme. Hundi iliandikwa kwa jina la fulani bin fulani, mistari miwili ikachorwa juu yake, na karani wa benki akakataa kuipokea iwapo jina la akaunti halikulingana na lililoandikwa, hata kwa herufi moja. Wazee wetu waliuza majani chai, kahawa na ng'ombe kwa mazoea hayo. Hapa Kenya mfumo wa kuhawilisha malipo makubwa kati ya benki papo hapo ulianza Julai 2005. Kisha Oktoba 2009 hundi zikawekewa kikomo cha Sh1 milioni. Tangu hapo anayenunua kiwanja, nyumba au lori kwa zaidi ya kiasi hicho hawezi kuandika hundi moja akamaliza deni. Hana budi kujaza fomu ya uhawilishaji yenye nafasi ya jina, ya benki, ya msimbo na ya akaunti.

Mteja aliyezoea hundi hudhani kwamba jina analoliandika pale lina nguvu ileile ya zamani. Mara nyingi halina.

Hukumu iliyolifafanua jambo hili waziwazi ilitolewa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mnamo 2014. Kampuni ya Tidal Energy, iliyojishughulisha na kuzalisha umeme kwa nguvu za maji kujaa na kupwa, ilikuwa na deni la pauni 217,781 kwa kampuni iliyoiuzia huduma. Matapeli waliipelekea maelezo bandia ya benki. Mnamo 2012 kampuni hiyo iliagiza Benki ya Scotland ilipe. Katika fomu iliandika jina halisi la mdai wake, lakini msimbo wa benki na nambari ya akaunti vilikuwa vya kampuni nyingine kabisa. Benki iliyopokea haikulinganisha jina na nambari. Ilizitia pesa katika akaunti iliyotajwa kwa tarakimu, na nyingi zikatolewa kabla ya mtu kushtuka.

Tidal Energy ilishtaki benki yake, ikidai kwamba iliagiza fulani alipwe, na fulani hakulipwa. Majaji wawili kati ya watatu waliikatalia. Walisema kwamba anayetumia mfumo wa malipo wa benki amekubali desturi za benki, na desturi ilikuwa kufuata msimbo na nambari ya akaunti bila kukagua jina. Jaji wa tatu hakuridhika. Kwa maoni yake, fomu ilitaka mambo manne, na malipo yaliyotimiza matatu tu hayakuwa malipo yaliyoagizwa. Binafsi naona kwamba mtu wa kawaida akiulizwa barabarani atakubaliana na jaji huyo wa tatu. Lakini wawili ni wengi kuliko mmoja, na hiyo ndiyo iliyobaki kuwa hukumu. Hukumu za Uingereza za siku hizi hazizifungi mahakama zetu, ingawa mawakili huzinukuu na majaji huzizingatia.

Nchini Marekani jambo hilo halikuachiwa desturi. Limeandikwa katika sheria ya biashara inayofuatwa na majimbo. Kifungu cha 4A-207 kinasema kwamba maagizo ya malipo yakitaja jina la mtu mmoja na nambari ya akaunti ya mwingine, na benki ya mlipwaji isijue tofauti hiyo, benki inaweza kutegemea nambari pekee. Kifungu kinachofuata kinasema hivyo hivyo kuhusu benki yenyewe: jina la benki likipingana na nambari yake ya uelekezaji, nambari inaweza kushinda. Mteja wa kawaida hubanwa na kanuni hizi iwapo benki yake ilimwarifu mapema kwamba ndivyo itakavyofanya. Arifa hiyo huwemo katika karatasi ndefu za kufungulia akaunti, zile ambazo sote hutia sahihi bila kuzisoma. Mkenya aliye Boston au Dallas anayelipia kitu kwa njia hiyo yuko chini ya kanuni hiyohiyo.

Jambo hilo limeanza kurekebishwa. Uingereza ilianza mnamo 2020 utaratibu wa kulinganisha jina na akaunti kabla ya malipo kutoka, na mlipaji huonywa pasipolingana. Nchi zinazotumia sarafu ya yuro zililazimishwa kufanya vivyo hivyo kuanzia Oktoba 2025. Hapa kwetu anayetuma pesa kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha, na kinachosikitisha ni kwamba mama anayetuma Sh500 sokoni hupata ulinzi ambao anayejaza fomu ya mamilioni ya shilingi katika benki hawezi kuuchukulia kuwa upo.

Mzozo wa mlipaji na benki ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni ya pande mbili za mkataba. Pesa zikipotea njiani, je, deni limelipwa? Jibu la jadi katika sheria ya mikataba ni kwamba mdaiwa ndiye anayemtafuta mdai wake. Asipomfikishia, bado anadaiwa. Mnunuzi aliyepeleka milioni nne kwa tapeli ana deni la milioni nne vilevile.

Mahakama za Marekani zimelegeza kanuni hiyo kidogo. Mnamo 2015 muuzaji wa magari wa Ohio, Beau Townsend, alimuuzia mwenzake wa Indiana, Don Hinds, magari 20 aina ya Ford Explorer kwa takriban dola 736,000. Mdukuzi aliingia katika baruapepe za muuzaji na kumwelekeza mnunuzi apeleke pesa katika akaunti nyingine. Mnunuzi akapeleka, na akachukua magari. Mahakama ya kwanza iliamua kwamba mnunuzi alipe upya. Mnamo 2018 mahakama ya rufaa iliirudisha kesi hiyo isikizwe, ikisema kwamba lazima ichunguzwe ni nani kati yao aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuuzuia ulaghai, na kwamba kutojali kwa kila upande kupimwe. Kwa maneno mengine, muuzaji aliyeacha mlango wa baruapepe wazi hawezi kunawa mikono moja kwa moja.

Lakini kupimana uzembe mahakamani huchukua miaka na huhitaji mawakili. Njia iliyo rahisi ni kuyamaliza katika karatasi kabla ya sahihi. Sheria yetu ya Mikataba, katika kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Ni kinyume kikubwa kwamba mkataba uliofungwa kwa uangalifu wote huo huachwa ugeuzwe mahali pake nyeti zaidi kwa baruapepe ya mistari miwili isemayo, "Samahani, akaunti ile inakaguliwa, tumieni hii."

Kwa hivyo maelezo ya benki yawe ndani ya mkataba wenyewe, katika jedwali lenye nambari ya ukurasa na sahihi fupi za pande zote, wala si katika barua ya kando. Yatajwe yote: jina la mwenye akaunti kama lilivyo benki, jina la benki, tawi, msimbo wa tarakimu tano, nambari ya akaunti, na msimbo wa SWIFT iwapo pesa zitatoka nje. Kisha kiwekwe kifungu kama hiki: "Malipo yote chini ya mkataba huu yatafanywa katika akaunti iliyotajwa katika Jedwali la Pili pekee. Badiliko lolote la akaunti hiyo halitakuwa na nguvu isipokuwa limeandikwa, limetiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya mashahidi, na limethibitishwa kwa mazungumzo ya simu kupitia nambari zilizomo katika mkataba huu. Muuzaji akitoa maelezo yenye kosa, hasara itokanayo na kosa hilo ni yake. Mnunuzi akilipa kwingine, hajalipa."

Hayo maneno kuhusu nambari za simu zilizomo katika mkataba si mapambo. Tapeli anayetuma akaunti mpya hutuma pia nambari mpya ya simu, na ukiipiga atakujibu kwa upole na kukuhakikishia kila kitu. Kwa wauzaji wa nje kifungu hicho kiongezewe neno moja kati ya yale matatu ya ada.

Iwapo malipo ni ya awamu, busara ni kuanza na kiasi kidogo, hata Sh1,000, kisha kumpigia muuzaji athibitishe kwamba kimefika, ndipo kiasi kikubwa kifuate kwa maelezo yaleyale bila kuandikwa upya. Wapo mawakili wanaoliona hili kuwa la kitoto. Ada ya uhawilishaji mmoja wa ziada ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya ardhi.

Misimbo nayo huzeeka, na mkataba wa muda mrefu, kama wa kukodisha nyumba kwa miaka kumi, unaweza kuishi kuliko benki iliyotajwa ndani yake. Barclays ya Kenya ilipogeuka kuwa Absa mnamo Februari 2020, ubao mwekundu ulichukua mahali pa ule wa buluu kila mji, lakini msimbo wa SWIFT ulibaki kuanza na herufi BARC. Jina lilikufa, msimbo ukaishi. Mambo huwa tofauti benki mbili zinapoungana, kama NIC na CBA zilivyofanya 2019 na kuzaa NCBA: palipokuwa na misimbo miwili huishia kutumika mmoja, na matawi yaliyokuwa yakitazamana barabarani huunganishwa. Mkataba usemao "akaunti hiyo au akaunti itakayochukua mahali pake kwa tangazo rasmi la benki" huepusha ubishi. Isitoshe, vipindi hivyo vya mabadiliko ndivyo matapeli hupenda, kwa kuwa ujumbe wa kwamba akaunti imebadilika husikika kuwa wa kawaida.

Kesi ya Afrika Kusini iliyomalizika juzijuzi inaonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kumfika hata mtu mwangalifu. Mnamo 2019 mwanamke mmoja wa nchi hiyo alinunua nyumba kwa randi milioni 6. Wakala wa nyumba alimwonya kuhusu ulaghai wa baruapepe, naye kabla ya kulipa amana ya randi 500,000 akapiga simu kuhakikisha kwamba maelezo ya akaunti aliyopewa yalikuwa ya kweli. Miezi michache baadaye alitumiwa maelezo ya benki na kampuni ya mawakili iliyokuwa ikishughulikia uhamishaji wa nyumba ili alipe salio. Mdukuzi aliyekuwa amejificha katika baruapepe zake aliidaka barua hiyo njiani, akabadilisha nambari na kuacha mengine yote yalivyokuwa. Mwanamke huyo alikwenda benki, akasaidiwa na mfanyakazi wa benki kujaza malipo, na akalipa.

Alishtaki mawakili. Mahakama Kuu mnamo Januari 2023 iliamua kwamba walistahili kumlinda, ikawaamuru wamfidie. Lakini Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo. Majaji walisema kwamba mnunuzi alikuwa na njia za kutosha za kujikinga: aliujua ulaghai wa namna hiyo, alikuwa ameketi na mfanyakazi wa benki, na alijua la kufanya kwa kuwa alikwisha kulifanya mara ya kwanza. Mara ya pili hakupiga simu kuzihakiki nambari hizo. Randi 500,000 zilifika. Randi milioni 5.5 hazikufika.